Mtani Hafukuzwi Msibani

Simu ya kaka yake ilimkuta Mwashi ameinamia mashine, anasukuma majani ya muhogo. Alikuwa na kibanda cha kusagia kisamvu Mkuza, Kibaha, na asubuhi wanawake walipanga mabeseni yao mlangoni kama wanaosubiri kliniki. Alizima mashine ili asikie.

"Bi Mwanamkuu amefariki," Mahona alisema. "Wanazika leo alasiri. Sisi watani tumeshaitwa. Unakuja?"

Bi Mwanamkuu alikuwa shangazi wa Hashiru, marehemu mume wa Mwashi. Msiba ulikuwa Marui, Kisarawe, katika ua uleule ambamo Mwashi alitolewa mwaka juzi mbele za watu, na mfuko wake wa nguo ukarushwa nyuma yake.

"Nakuja. Nipitie na pikipiki."

"Unakuja kama nani? Ujane wako walishaukataa."

"Nakuja kama Msukuma."

Mahona alicheka mpaka simu ikakwaruza. Alikuwa amemwelewa dada yake.

Wasukuma na Wazaramo ni watani. Wenyewe husema utani huo ulianza enzi za misafara, wapagazi wa bara walipokuwa wakishuka Pwani na kukaa hapo miezi. Msibani mtani ana kazi yake. Huchimba kaburi, huzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, huigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kufoka. Anaweza kumtukana mfiwa mbele ya shehe, na mfiwa akacheka huku machozi yanamtoka. Kumkasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko kutukanwa. Ziko nchi nyingi ambako mtu akishafukuzwa msibani hana mlango wa kurudia. Pwani mlango upo, na Mwashi alikuwa ameungoja ufunguke.

Hashiru alikuwa fundi simu pale Kwa Mathias. Alikuwa mrefu, mwembamba, vidole kama vya mpiga zeze, na miwani minene aliyoivaa tangu darasa la kwanza. Wateja walimtania kwamba anaona nyaya za ndani ya simu lakini haoni basi linalomjia. Yeye na Mwashi hawakujaliwa mtoto, wala hawakugombania hilo. Siku moja mguu wake wa kushoto ulivimba. Akasema amelala vibaya. Ulipozidi, Mwashi alimpeleka hospitali, na huko daktari mmoja bingwa, mama aitwaye Elinipa, akashangaa: kijana ambaye hajafika arobaini, havuti sigara, hana kisukari, damu inamgandaje mguuni? Akachukua damu na kuipeleka kupimwa nje ya nchi. Kabla majibu hayajarudi, Hashiru aliegemea meza yake ya kazi mchana kweupe, akashika kifua, akamwomba jirani maji. Maji yalipoletwa alikuwa amekwisha kwenda. Mshipa wa moyo uliziba.

Walimzika Marui. Udongo wa kaburi haujakauka, kaka wa Hashiru aitwaye Mwinyijuma, mkubwa wa nyumba ile, akasimama barazani na kusema maneno ambayo Mwashi aliyajua kwa moyo kama mtu anavyoijua sala:

"Huyu mwanamke kamla ndugu yangu. Alikuwa akimpikia majani makavu ya kwao Shinyanga. Nani anayajua yale majani?"

Yalikuwa nsansa tu, majani ya kunde yaliyokaushwa juani, mboga ambayo bibi yake alikula mpaka akafa kwa uzee. Lakini walipekua mkoba wake, wakayamwaga chini, na mzee mmoja akayapekecha kwa ncha ya bakora kana kwamba yangemng'ata. Wakamtoa edani. Eda alikwenda kuimalizia Mkuza, chumbani kwake, bila hata mwanamke mmoja wa kumsomea.

Neno lile likamfuata. Kisamvu watu waliendelea kuleta, kwa sababu mashine nyingine ilikuwa mbali, lakini walisimama karibu na mdomo wa mashine na kumwangalia vidole. Walitaka kuona asije akatia kitu. Hakuna aliyesema. Walimwangalia vidole tu.

Majibu ya damu yalirudi Hashiru akiwa kaburini. Dokta Elinipa alimpigia simu aende.

"Pole, mama. Majibu yamefika, mwenyewe tumemkosa."

"Dokta, kuna sumu iliyoonekana?"

"Sumu ya nani?" Daktari alimtazama, kisha akaelewa, akavuta kiti karibu. "Hakuna mtu aliyemlisha kitu. Sikiliza. Sote tuna kitu katika damu kinaitwa homosisteini. Ukila nyama, samaki, maharage, mwili unakitengeneza, halafu unakigeuza haraka kuwa kitu kingine. Kukigeuza unahitaji vitamini, ile foliki ya mboga za majani, B6, B12. Sasa mumeo alizaliwa na hitilafu. Mwili wake haukuweza kukigeuza. Kikarundikana. Kikirundikana namna hiyo kinachubua mishipa kwa ndani, na damu inaanza kuganda. Mguuni, kwenye moyo, popote."

"Kwa hiyo hakula mboga?"

"Hata angekula shamba zima. Mwingine kikipanda kidogo, sisi wenyewe tunabishana. Tunaona wenye nacho kingi wanaugua moyo zaidi, lakini haijathibitika kwamba kukishusha kwa vidonge kunawaokoa. Cha mumeo hakikupanda kidogo. Kwa watu wa aina yake dawa zinasaidia sana, zikiwahi." Akafungua faili la Hashiru. "Mrefu, mwembamba, macho mabovu tangu utoto. Ana ndugu, baba mmoja mama mmoja, mwenye umbo hilo?"

Mwashi akamwona Mwinyijuma kama aliyesimama pale mlangoni: shingo ndefu, miwani, kidole kirefu kinamnyooshea.

"Yupo. Wanafanana kama pacha."

"Wazazi walikuwa ndugu?"

"Binamu."

"Basi mwambie aje apime. Usikae na habari hii, mama. Mwambie."

"Nitamwambia," Mwashi akajibu, akatoka pale amebeba kisu ambacho hakuna askari angeweza kumnyang'anya.

Hakumwambia. Kila mteja alipomwangalia vidole, alijisemea: ngoja. Hakuomba mtu afe, wala hakwenda kwa mganga. Hakufanya lolote, na katika kutofanya lolote alipata utamu kama wa mtu anayenyonya mfupa polepole ili usiishe. Jambo moja tu lilimkereketa: ahadi yake kwa yule daktari. Hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Siku nyingi aliizungusha kichwani, mpaka simu ya Mahona ilipokuja, akaona njia. Dokta alimtaka amwambie Mwinyijuma. Hakusema lazima Mwinyijuma amwamini.

Yeye na Mahona wakapitia Mlandizi na Mzenga kwa pikipiki, vumbi jekundu likiwapaka nyusi. Mahona alikuwa mfugaji, ng'ombe wake walikuwa maporini huko Kisarawe, na watani wengine, Wasukuma wafugaji kama yeye, walikuwa wamekwisha kufika. Mwashi alijifunga kanga kiunoni kabla hajashuka.

"Haya!" mzee mmoja wa Kizaramo alipaza sauti alipowaona. "Wasukuma wamenusa ubwabwa!"

"Tumefuata maiti," Mahona akamjibu. "Ubwabwa wenu tunaujua, mnapika kwa ngoma badala ya chumvi."

Watu wakacheka, na kicheko kikakatika ghafla walipomtambua aliyekuwa nyuma yake. Mwinyijuma aliinuka mkekani. Alikuwa amekonda kuliko zamani, na aliinuka kwa kusaidiwa na mkono wa mtu.

"Nani kamleta huyu hapa?"

"Umenisahau, mtani?" Mwashi akasema kwa sauti kubwa. "Mke wenu simjui mimi, alishafukuzwa. Mimi Msukuma. Nimekuja kuzika bibi yangu. Nifukuze basi, tusikie Mzaramo kafukuza mtani msibani!"

Shehe akaangalia chini, akizuia tabasamu. Zuwena, dada yake Mwinyijuma, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, akapiga vigelegele vya mzaha. Basi ikawa. Hakuna ambaye angeweza kumgusa tena.

Alifanya kazi yake vizuri, hilo hata maadui zake walikubali. Alimwigiza marehemu Bi Mwanamkuu akihesabu kuku wake kila jioni na kumsingizia jirani. Alilala mbele ya jeneza mpaka akapewa jogoo. Alionja wali jikoni akautema, akasema huu si wa msiba, huu ni msiba wenyewe. Wafiwa walicheka huku wakijifuta macho kwa kanga. Kisha akapanda mkekani kwa wanaume, akamvua Mwinyijuma kofia, akamvua na miwani, akavivaa.

Watu wakasogea waone.

"Jamani!" akafoka kwa sauti ya Mwinyijuma, kidole juu. "Nani kamla ndugu yangu? Leteni bakora! Hii nini hii, mchicha? Uchawi! Bamia? Uchawi! Na yule mbuzi mbona ananiangalia hivyo? Mfungeni, ni wa Shinyanga!"

Walianguka. Wanawake walishikana mabega, na mzee wa bakora, yuleyule aliyepekecha nsansa, alikohoa mpaka akapigwa mgongo. Mwinyijuma bila miwani alikuwa kama kipofu. Alinyoosha mikono mbele, akitafuta uso wake, na midomo yake ilikuwa imelazimishwa kutabasamu kwa sababu hakuwa na la kufanya. Mwashi aliutazama mdomo ule kwa karibu. Ni kwa ajili ya mdomo ule alikuwa amekuja.

"Mtani wangu," akaendelea, sasa kwa sauti yake mwenyewe, "hakuna aliyewaroga. Damu yenu ndiyo mbovu, mmezaliwa nayo. Ina kitu kinachochubua mishipa na kuigandisha damu kama mafuta ya ng'ombe asubuhi. Ndicho kilichomuua Hashiru, na wewe unacho. Nenda hospitali kapime. Usipokwenda, mwakani tunakuja kukuzika wewe, na siku hiyo pilau iwe na nyama!"

Kicheko kikapasua ua. Mwashi akamrudishia miwani kwa heshima, kwa mikono miwili, kama anayemkabidhi mgeni kikombe. Amekwisha kuambiwa, aliwaza. Kaambiwa mbele ya mashahidi, na hakuna hata mmoja aliyesikia.

Wanaume wakaenda makaburini. Mwashi akabaki jikoni na wanawake. Zuwena akamsogelea, bado anafuta machozi ya kicheko.

"Wifi, umetuua leo. Ila ile ya damu umeitoa wapi? Maana ulivyosema, nywele zimenisimama."

"Mtani haulizwi," Mwashi akamjibu, akaendelea kupakua.

Wanaume waliporudi, Mwinyijuma alikuwa wa mwisho, anachechemea. Hakwenda barazani. Alizunguka nyuma ya jiko, kwenye migomba, akamwita Mwashi kwa mkono. Akaketi kwenye kinu kilicholala, akavuta kanzu juu.

Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, ngozi inameta. Juu yake palikuwa na chale mbichi, safu kwa safu, zimepakwa dawa nyeusi.

"Nilidhani ni wewe," alisema. "Wiki nzima. Nimechanjwa, nimeogeshwa, uvimbe umekataa kushuka. Leo natoka makaburini kifua kimenibana, nimekaa njiani. Shemeji, Hashiru alianzaje?"

"Hivihivi."

"Na ile uliyosema mkekani?"

Hapo ndipo Mwashi alipokuwa akingoja afike, miezi yote ile, bila kujua kwamba ni hapo. Alihitaji maneno mawili tu: utani tu. Angeyasema, angerudi jikoni, na mtu huyu angerudi kwa mganga wake na chale zake. Asingekuwa amesema uongo hata mmoja maishani mwake. Akafungua mdomo.

Lakini alimwona alivyokaa, kidole kile kirefu kimeshika goti, na hesabu nyingine ikampitia. Huyu akifa wiki hii watasema nini? Watasema Mwashi alimtabiria mkekani, mbele ya shehe, akiwa amevaa kofia yake. Akifa, neno lake litakufa naye? La. Litabaki limesimama peke yake, na hakutakuwa na mtu wa kulilaza. Aliyelisema ndiye pekee awezaye kulitafuna na kulimeza, na maiti haimezi kitu.

"Si utani," alisema. "Ni maneno ya daktari. Damu ya Hashiru ilipimwa, majibu yakaja amekufa. Akasema ndugu yake apime. Aliniambia nikwambie, na mimi nikakaa kimya."

Mwinyijuma aliinua macho. "Ulikaa kimya."

"Nilikaa. Wewe ulisema. Tumelingana?"

Mwinyijuma akateremsha kanzu juu ya mguu.

"Mguu huo hauhitaji mganga, na si wa kusubiri kesho. Daktari namjua mimi, na jina la ugonjwa ninalo mimi. Nitakupeleka. Lakini kwanza utarudi barazani, useme."

"Watu wakishatawanyika, shemeji, nakuapia, nitawaita wazee..."

"Mimi nilitolewa watu wakiwepo."

"Nitasema nini?"

"Unajua ulivyosema. Ligeuze neno lile."

Alikwenda, akiuburuta ule mguu. Mwashi alisimama kwenye kona ya jiko, aone nyuso. Mwinyijuma alishika nguzo ya baraza.

"Jamani. Mke wa Hashiru hakumla mtu. Nilisema uongo."

Mahali fulani mtu akacheka. Mwingine akaitikia: "Mtani kakujibu kweli!" Na kicheko kikaanza kutambaa tena, maana utani ulikuwa haujapoa, na kila mtu alidhani Mzaramo analipiza. Mwinyijuma akageuka, akamtafuta Mwashi kwa macho yake mabovu. Yeye hakutikisa kichwa, wala hakumsaidia. Acha asote.

"Sitanii!" akapaza sauti, na sauti ikamkatika. Akavuta kanzu juu, akauonyesha mguu mbele ya wakwe na wajukuu, chale zake zote. "Huu ndio uliomuua Hashiru. Ni ugonjwa wa damu yetu. Yule alikuwa akimpikia mboga. Mboga tu. Nilikuwa na uchungu wa ndugu yangu, nikatafuta wa kumtwika, na yeye alikuwa mgeni. Nilimzulia. Nimemtoa edani bure."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee wa bakora akaiweka bakora chini, taratibu, kama kitu kilichomchoma. Zuwena akalia kwa sauti, kilio ambacho hakikuwa cha Bi Mwanamkuu. Shehe akasema, "Mmesikia. Anayelirudia neno lile baada ya leo, dhambi ni yake."

Mwashi alitegemea kwamba kitu kitashuka kifuani. Hakikushuka chote. Akamwita Mahona, wakamkodi mwenye gari la Noah lililoleta wafiwa, wakamlaza Mwinyijuma kiti cha nyuma, mguu juu ya mapaja ya Zuwena. Njiani kwenda Kibaha Mwinyijuma aliuliza kama atapona, na Mwashi akasema, "Utapona. Nataka upone," kwa namna iliyomfanya Zuwena ageuke kumtazama.

Walimlaza, wakampa dawa ya kuyeyusha damu. Dokta Elinipa aliitwa, akachukua damu, na majibu yaliporudi yalikuwa kama alivyotarajia. Dawa ya B6 ilimfaa, foliki na B12 zikafuata, akaambiwa hizo ni za maisha, na nyama apunguze. Daktari alimshukuru Mwashi mbele ya mgonjwa. Hakuuliza kwa nini habari ilichelewa, naye Mwashi hakueleza. Mwinyijuma pia alinyamaza. Walibaki na siri hiyo wawili, kila mmoja ameshika ncha yake.

Alipopata nguvu alikuja Mkuza na Zuwena, amebeba doti ya kanga na maneno ya kuomba radhi aliyofundishwa na shehe. Aliyasema yote, amesimama mlangoni pa kibanda. Wanawake wenye mabeseni wakasogea wasikie.

"Nimesikia," Mwashi alimwambia. "Kanga nimepokea. Kusamehe sijasamehe, shemeji, nisikudanganye. Umekunywa dawa leo?"

"Bado. Nitakunywa nikifika."

"Ziko wapi?"

Mwinyijuma akapapasa mfuko wa shati, akazitoa. Mwashi akaingia ndani, akateka maji ya mtungi kwa kikombe chake mwenyewe, akatoka nacho, akakiinua mbele ya macho ya wote.

"Meza hapa. Unywe nikuone."

Mwinyijuma alikitazama kikombe, kisha wanawake, kisha Mwashi. Akatia vidonge mdomoni, akapokea maji ya mwanamke yule kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Kila ukija kuchukua dawa Kibaha utapita hapa," Mwashi alisema, akakipokea kikombe. "Nataka uishi miaka mingi."

Akawasha mashine. Mama wa kwanza kwenye foleni alisukuma beseni lake mbele, akageuka pembeni kuzungumza na mwenzake.